Maziwa Niliyoyatema Nyuma ya Ghala la Kiprugut

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujashangaa kwamba mtu kama mimi anaomba badala ya kuombwa, jua kwanza unaandikiwa na nani, maana kutoka Gilgil mpaka Solai, ukipitia Bahati, hakuna ugomvi wa mpaka, wa ndoa wala wa mbuzi uliowahi kumalizika sawasawa bila mimi kuuketia, na hata Di-Si mwenyewe, mkuu wa wilaya, mwaka juzi alisimamisha gari lake mbele ya trekta yangu akanipa mkono watu wakiona. Ni kweli gari lilikuwa limezama topeni na mimi ndiye niliyelivuta, lakini mkono ni mkono.

Mimi ni dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja hapa Solai. Shule nilisoma mpaka darasa la tatu, na la nne nililisikiliza kutoka dirishani nikiwa nachunga ng'ombe, kwa hiyo nalo nalijua. Watu huniita Mpatanishi. Wengine hawaniiti, lakini hao ni wivu tu. Niliwahi kupatanisha bwana na bibi waliokuwa wakirushiana vyombo kwa kuingia mlangoni tu, sikusema hata neno, sufuria ikanipata mimi hapa juu ya jicho, wakacheka wote wawili, na mpaka leo wanaishi pamoja na wana mtoto. Sasa nieleze, mtu wa namna hiyo anawezaje kuwa na ugomvi wake mwenyewe usioisha? Lakini ninao, na ndio huu.

Dada yangu Chepchirchir ni mjane, na binti yake wa pekee, Chelagat, ameposwa na Kemboi, mwana wa Kiprugut, ambaye ni nyapara wa wakamuaji katika shamba letu hili hili. Kijana ni mzuri, hanywi pombe, ana baiskeli. Kwa kuwa baba yake Chelagat alikwisha kufa, mimi mjomba ndiye ninayesimama mahali pake, na harusi imepangwa kanisani Jumamosi ya tatu kutoka leo.

Basi mwezi uliopita nilikuwa nalima kando ya vile vipande ambavyo mzungu wetu ametugawia sisi wafanyakazi tulime chakula chetu, na wanawake walikuwa wamesimama wakinitazama, na mwanamume akitazamwa hawezi kukaa kama gogo, nikageuza shingo niwapungie mkono, na trekta, ambayo ina kichwa kigumu kuliko punda, ikaamua yenyewe kuingia katika wimbi ya Cheptanui, mke wa Kiprugut, wimbi, ndiyo ulezi, iliyobakiza wiki mbili ivunwe, na nilipogeuza uso mbele nilikuwa nimekwisha kulima mistari minne, mistari iliyonyooka sana, hata Kiprugut mwenyewe hakuweza kukana kwamba imenyooka. Wimbi hiyo ndiyo iliyokuwa ya uji wa harusi.

Kiprugut alikuja mbio akiwa na ndoo ya maziwa mkononi.

"Micah! Wewe hukuona?"

"Niliona," nikamwambia, "ila nilichelewa kidogo kuona."

Hakucheka. Mimi nilidhani atacheka.

Wazee wa kokwet, yaani baraza letu la majirani, wakakaa kwenye nyasi nje ya boma la Kiprugut. Mimi nikasimama nikawaambia kwamba kwa kuwa katika mkutano ule mwenye ujuzi mkubwa wa kupatanisha ni mimi, ingefaa niikate kesi mwenyewe ili tusichelewe. Mzee arap Sitonik, ambaye ndiye huongoza, akasema, "Micah, leo wewe ni ng'ombe aliyeingia shambani. Umewahi kuona ng'ombe akiulizwa maoni? Kaa chini." Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao ili wasipate faida.

Nakubali kwamba walikata vizuri, karibu vizuri kama mimi. Walisema nimlimie Cheptanui kipande kingine kwa muda wangu mwenyewe, dada yangu atoe wimbi yake kwa uji wa harusi, na kisha mimi na Kiprugut tunywe mursik kutoka kibuyu kimoja mbele ya watu, na maneno yafe hapo. Wewe ukiwa si wa huku nikueleze, mursik ni maziwa yetu yaliyowekwa kibuyuni siku nyingi pamoja na unga wa mkaa mpaka yakawa makali na mazito, rangi yake kama wingu la mvua, na mwanamke wa kwetu maziwa yake ndiyo jina lake, ukiyasifu umemsifu mama yake na bibi yake pia. Watu wawili wakishakunywa kibuyu kimoja hawawezi tena kutakiana mabaya. Na asiyekunywa, basi bado ana neno moyoni.

Kulima nililima, siku hiyo hiyo, tena bila kumpungia mtu. Jumapili tukakusanyika. Cheptanui akaleta kibuyu chake kikubwa chenye shanga. Kiprugut akanywa, akashusha pumzi, akajifuta ule weusi wa mkaa mdomoni, akanipa kwa mikono miwili. Nikapokea. Nikapiga funda moja, kubwa, la kiume, mashavu yakajaa mpaka masikio yakasogea.

Na hapo nikakaa nalo mdomoni.

Watu wananitazama. Natikisa kichwa kuonyesha kwamba ni tamu. Bado wananitazama. Dada yangu akasema, "Micah, waambie neno basi," na mimi nikatikisa kichwa tena, nikanyoosha kidole juu mbinguni, sijui kwa nini. Mzee arap Sitonik akawageukia wenzake, akasema, "Jamani, Micah amenyamaza! Kweli leo amani imefika," na wazee wakapiga makofi. Machozi yakaanza kunitoka, na wanawake wawili wakalia kwa kuniona nimeguswa vile. Nikainuka polepole kama mtu anayekwenda kusali peke yake, nikazunguka nyuma ya ghala, nikayatema yote.

Nilipoinua uso, Cheptanui alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ana kuku kwapani aliyekwenda kumkamata kwa ajili yangu mimi mgeni wake.

"Micah," akasema kwa sauti ndogo. "Umetema maziwa yangu chini ya ghala langu?"

Mshauri, hapo ndipo ningeweza kuyamaliza yote kwa neno moja, lakini kichwa changu kina akili nyingi na zote zilikuja kwa wakati mmoja. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo namna ya watu wakubwa, kwamba nimeona kwa macho yangu huko nyumba kubwa wazungu wakionja kitu kizuri na kukitema, na kadiri kinavyokuwa kizuri ndivyo wanavyokitema mbali zaidi.

Akamwachia kuku. Akapiga yowe.

Watu wakaja wote. Kiprugut akatazama yale maziwa pale chini, akanitazama mimi, wala hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akasema, "Micah, wimbi nilikusamehe. Wimbi huota tena. Lakini mtu akichukua maziwa ya amani kinywani mwake akayatema penye chakula cha watoto wangu, huyo ananitakia nini?"

Nikasema, "Mema! Mema matupu!"

Cheptanui akasema, "Mema hayafichwi nyuma ya ghala."

Tangu siku ile mambo yameharibika. Yule kuku alidonoa pale pale nilipotema na sasa ameacha kutaga, na mimi ndiye ninayelaumiwa, kana kwamba kuku hawaachi kutaga hapa Solai bila mimi. Cheptanui amemwambia dada yangu kwamba msichana ambaye mjomba wake ameliapiza ghala lake hatalifungua mlango ghala hilo kama mke wa mwanawe. Kemboi hapiti tena kwetu na baiskeli yake. Dada yangu ananipa chakula akiwa ametazama ukuta. Na Chelagat alinijia pale ninapooshea trekta, sikumwona akilia hata kidogo, akasema, "Mjomba, watu wote unawapatanisha. Mimi sikukuomba unipatanishe na mtu. Nilikuomba tu uje, ukae, unywe." Halafu akaenda zake. Nimesikia maneno mengi makali maishani, nimetukanwa na watu wa kila kabila, lakini hayo yalinikaa vibaya.

Wazee wamenipa nafasi moja ya mwisho. Jumapili ya pili kutoka leo nirudi kwa Kiprugut, na safari hii si funda moja, ni kibuyu kizima, nikimaliza nifungue mdomo wanitazame ndani kama farasi anayeuzwa, na nisipomaliza posa imevunjika. Owino, fundi wetu wa mashine, ambaye ni Mjaluo na mambo yetu haya anayatazama kwa mbali, amenishauri nifunge mpira wa ndani wa tairi chini ya koti, maziwa yapite shingoni yaingie humo. Tulijaribu kwa maji. Nililowa mpaka soksi. Mimi mwenyewe nimefikiria kuanguka nizirai, au kusema kwamba daktari mkuu wa Nakuru amenikataza kwa siri, au kusema nimeweka nadhiri, au kukimbilia kwa binamu yangu Gilgil mpaka harusi ipite, lakini bila mimi kunywa hakuna harusi ya kupita. Niambie ipi ni nzuri zaidi. Jibu upesi, na tafadhali ficha kabisa jina langu, maana mtu wa cheo changu husomwa na wengi.

Na sasa kwa kuwa karatasi inakwisha nitakwambia jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mursik hainishuki. Tangu nilipokuwa mtoto hainishuki. Ikifika kooni hugeuka na kurudi ilikotoka, na nikiilazimisha natapika kama mtoto mchanga mbele ya watu. Mimi ambaye kila siku huwaambia vijana wa shamba kwamba nguvu zangu za kunyanyua gurudumu la trekta kwa mkono mmoja zinatokana na kibuyu kizima kila alfajiri! Kibuyu ninacho, mshauri. Kinaning'inia ukutani, watu wote wamekiona. Ndani kina chai.

Ni mimi,
Mpatanishi wa Solai

JIBU LA MAMA WAWIRA

Ndugu Mpatanishi,

Pole. Nimeisoma barua yako mara moja nikicheka mpaka mpiga chapa akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaisoma tena kwa ajili ya Chelagat, na mara ya pili sikucheka sana.

Tuanze na hilo la jina. Umeniomba nilifiche, na huku umewaandika watu wanne wakikuita Micah kwa sauti kubwa. Nilianza kulifuta, nikaacha. Hata nikilifuta, madereva wa trekta wa Solai waliolima mistari minne iliyonyooka ndani ya wimbi ya mkwe wao ni wangapi? Watakujua. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia pia kwa posta, na litakufikia siku tatu kabla gazeti halijafika kwenu. Siku tatu hizo ndizo ulizo nazo.

Halafu mke wako. Unasema hajui. Nani huichemsha hiyo chai, ndugu yangu? Nani hukiosha hicho kibuyu? Mama wa watu anajua siku nyingi, na amenyamaza ili wewe uendelee kunyanyua gurudumu lako mbele ya vijana. Nyumbani kwenu mpatanishi yupo, ila si wewe.

Sasa sikiliza, nawe usinikate kauli. Unaogopa nini? Kuchekwa. Kiprugut naye anaogopa nini? Anaogopa kwamba mtu anayetaka kuwa mkwe wake amewatakia mabaya watoto wake. Cheptanui anaingia ghalani kuchota nafaka ya watoto na moyo unamdunda. Wewe ungeweza kuwaondolea hofu hiyo tangu siku ile ile, kwa neno moja, nawe ukawapa hadithi ya wazungu! Walikuwa tayari kukusamehe mistari minne ya wimbi. Watu wa namna hiyo ni wachache. Ulipewa majirani wema ukawageuza kuwa washitaki, kwa sababu ya aibu ya tumbo. Haya! Tumbo si mwizi. Mimi hapa nikila samaki navimba macho, na hakuna aliyenivunjia ndoa kwa hilo.

Kunywa hicho kibuyu usinywe. Ukitapika mbele ya wazee, hapo ndipo watakuwa na ushahidi, na kuku wote wa Solai wataacha kutaga kwa pamoja. Usizirai, maana mtu wa kelele kama wewe akizirai hakuna atakayeamini. Daktari mkuu mwache na kazi zake. Binamu wa Gilgil naye mwache. Na huyo Owino mrudishie mpira wake wa tairi, umwambie atengeneze trekta.

Usingoje Jumapili. Jumapili kuna watu, na ukiona watu utageuza shingo uwapungie. Nenda siku utakayopokea barua hii, asubuhi, wakamuaji wakishamaliza kazi. Nenda na mke wako na dada yako. Trekta ibaki. Chukua ufagio na debe la maji, na kabla hujaketi nenda nyuma ya ghala, ufagie na kupaosha mahali pale kwa mikono yako mwenyewe, Cheptanui akikuona. Kuku mpelekee mahindi; naye usimzungumzie, huenda anatafuta tu mahali pa kuatamia.

Kisha mwende wote kwa mzee arap Sitonik, umwambie ukweli, umwulize kama wewe na Kiprugut mnaweza kunywa maziwa mabichi ya asubuhi kutoka kibuyu kile kile. Mimi si wa huko na siwezi kuwaamulia wazee wenu mila yao. Lakini sijapata kusikia baraza la wazee, popote pale, linalotaka zaidi kumwona mtu akitapika kuliko kuona harusi. Wakikataa, waulize wao nini kitafaa, na watakachosema ukifanye bila kuwasaidia kufikiri.

Watacheka, ndiyo. Vijana watacheka mpaka mavuno yajayo. Wacheke. Ulituandikia kwamba sufuria ilikupata usoni na watu wawili wakapatana kwa kukucheka. Basi kumbe kazi hiyo unaiweza.

Ila jambo la kwanza kabisa ni Cheptanui. Maziwa ni yake, ghala ni lake, na ni yeye aliyekukamatia kuku. Simama mbele yake, vua kofia, usieleze, usisimulie, useme hivi tu: "Maziwa yako hayana kosa, Mama Kemboi, tumbo langu ndilo bovu." Ni maneno kumi. Nimeyahesabu mara mbili kwa sababu ninakujua sasa. Neno la kumi na moja, hata likikujia tamu namna gani, limeze. Hilo, angalau, litashuka.